Kwani Umepima?

Mwaka 2017, miezi saba baada ya kumzika mama, nilianza kupitiliza kituo. Kila alfajiri nilipanda basi la mwendokasi Kimara, nikashuka Posta ya Zamani, nikaingia ofisini. Siku moja Posta ikapita nimekaa tu. Nikafika Kivukoni, nikavuka upande wa pili humohumo kituoni, nikarudi Kimara. Kesho yake, vilevile.

Nyumbani nilisema ni uchovu. Maneno ya kufunikia hali kama hiyo tunayo tele: nina mawazo, kichwa kimejaa, sijisikii. Mambo yakizidi linabaki moja, Mirembe, ambalo utotoni tulitaniana nalo bila kujua kwamba ni hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma ambako watu hutibiwa wakarudi makwao.

Mwenzangu wa kazini aliponielekeza kwa mnasihi, nikamwambia shangazi nakwenda kupata ushauri nasaha. Akaweka kijiko chini.

"Kwani umepima?"

Sikumlaumu. Neno hilo tulilijulia kwenye mabango ya ukimwi, ushauri nasaha na upimaji wa hiari, kama Kulwa na Doto. Nasaha bila sindano hatukuwahi kuisikia.

Kwa mnasihi nilitarajia kuulizwa kuhusu wazimu wa ukoo. Nikakuta meza, feni, na karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Mimi mhasibu, nikaona hiyo kazi yangu. Nikakwama swali la kwanza: kukosa hamu au raha ya kufanya mambo. Nilitafuta kitu kimoja kilichonipa raha wiki hizo, sikukiona.

Vikao vitatu vya mwanzo, kusema kweli, niliona napoteza hela. Cha nne akanipa kazi: nishuke Posta, ninywe kikombe kimoja cha kahawa nikiwa nimesimama, ndipo niende ofisini. Kazi ndogo mpaka nikaona haya. Jumanne nikashuka. Jumatano nikapitiliza. Alhamisi nikashuka.

Kikao cha sita nilimtajia laini ya mama. Kila mwezi niliiwekea vocha ya 500 isije ikafungwa, namba akapewa mtu mwingine. Simu yenyewe ilikuwa kabatini kwangu, na usiku wa manane niliipigia.

Hakuniambia niache.

"Ikiita, huwa unangoja nini?"

Nikaanza kulia, mara ya kwanza tangu makaburini. Saa ya kikao ikaisha sijamjibu.