Hatua Arobaini Kutoka Mkoroshoni

Nilikuwa mtu mzima tayari nilipojua kuwa wako watu wenye akili timamu na kazi za heshima ambao siku ya mapumziko huacha nyumba zao wakaenda kutafuta visanduku vilivyofichwa chini ya mawe. Mwaka 2014 nilikaa miezi michache katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, kwa shughuli za masomo. Asubuhi moja, kabla jua halijawa kali, mwenyeji wangu alinipa chupa mbili za maji, daftari dogo, na karatasi yenye sentensi sita, akaniambia kuwa siku hiyo nitamwongoza yeye.

Tulifuata njia ya miguu jangwani. Karatasi iliagiza tutembee mpaka tuuone mdungusi mrefu wenye mikono mitano, tuupe mgongo, kisha tuhesabu hatua 25 kuelekea jabali lililopasuka. Midungusi ya huko ni mirefu kuliko nyumba, na mmoja huweza kuishi zaidi ya miaka 150. Tuliuona. Chini ya jabali palikuwa na kisanduku, na ndani yake daftari na muhuri uliochongwa kwa mkono. Hazina nyingine haikuwamo. Desturi ni kupiga muhuri wa kisanduku katika daftari lako, ukapiga muhuri wako katika daftari la kisanduku, kisha ukarudisha kila kitu kama ulivyokikuta ili mwingine naye akione. Mwenyeji wangu alikuwa amenichongea muhuri wa jahazi kwa kifutio cha penseli. Ninao hata leo.

Aliniambia asili ya mchezo. Mwaka 1854, katika nyika ya Dartmoor huko Uingereza, kiongozi wa wasafiri aitwaye James Perrott, mtu wa Chagford, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ili wachache waliofika huko kwa kuvuka matope waache kadi za majina yao. Baadaye watu wakawa wanaacha barua, na aliyefuata kufika huichukua barua ya mtu asiyemjua akaipeleka posta. Kwa hiyo mchezo ukaitwa kwa jina la sanduku la barua. Nakiri kuwa habari hii ya barua ilinigusa kuliko kisanduku chenyewe. Lakini nilirudi nyumbani nikauweka muhuri wangu mtotoni mwa meza, nikausahau.

Marehemu baba yetu alinunua kiwanja Chamazi, upande wa Temeke, ng'ambo ya Mbagala, mwaka 1986. Wakati ule mahali pale palikuwa na mikorosho, minazi na nyumba chache za udongo. Hakukipima kwa mpima ardhi. Alikipima kwa miguu yake. Alipofariki mwaka 2017 alituachia daftari la shule, na katika ukurasa wake wa mwisho tulikuta maneno haya, kwa mwandiko wake wa kulala: kutoka mkorosho wenye panda mbili, hatua 40 kuelekea kichuguu, hapo ndipo pembe, nimezika jembe bovu.

Hatukuyajali mpaka mdogo wetu wa kike alipofiwa na mumewe, nasi ndugu tukaona ni wajibu kumjengea vyumba viwili pale. Tulikuta jirani amekwisha kujenga ukuta, na kwa hesabu yetu ukuta ule umemeza kipande cha urithi wetu. Mimi, kwa kuwa ndimi msomi wa ukoo, niliandika barua kwa serikali ya mtaa. Ilikuwa barua kali. Kiswahili chake kilikuwa safi, na kila sentensi yake ilimwita jirani mwizi bila kulitaja neno lenyewe. Hatukuwa na ushahidi ila ukurasa ule.

Basi siku moja ya Jumapili nilikwenda Chamazi na kaka yangu mdogo, daftari mkononi. Mkorosho haukuwapo. Kichuguu hakikuwapo. Palikuwa na nyumba zilizobanana, mafundi wa kuchomea vyuma, na bodaboda wakingoja abiria. Viunga vya mji wetu vimeishi muda mrefu bila namba za nyumba. Barua zetu hupitia sanduku la posta, aghalabu la shule au la kazini, na mgeni huelekezwa kwa mwembe, kwa msikiti, kwa duka la dawa. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliendesha kazi ya anwani za makazi nchi nzima, na mitaa mingi ikapata vibao na nyumba zikapata namba. Ni jambo jema. Walakini namba huitaja nyumba, wala haisemi lilipozikwa jembe.

Tulizunguka mpaka adhuhuri. Mwishowe tukaketi kwa mama mmoja mzee auzaye vitumbua, tukamwamkia, naye akatuuliza tu watoto wa nani. Tulipomtaja baba akatutazama kwa zamu.

"Yule mrefu aliyekuwa akija na baiskeli? Mnatafuta nini, wanangu?"

"Mkorosho wenye panda mbili, bibi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mmeukalia."

Tuliinuka kwa haya. Kweli, kiti chetu kilikuwa kisiki, kimelainika kwa miaka mingi ya kukaliwa. Na kichuguu? Akanyosha mkono: kilisawazishwa ilipojengwa nyumba ya bati la buluu, pale.

Nilianza kuhesabu mimi. Hatua zangu 40 ziliishia katikati ya njia, mahali pasipo maana yoyote. Bibi akatikisa kichwa. "Wewe huna miguu yake. Mwache huyo." Kaka yangu ana kimo cha baba, na hata ule mwendo wake wa kutupa mguu wa kulia mbele kidogo. Sikuwahi kuuona sawasawa mpaka saa ile, nikiwa nimesimama nyuma yake, nikihesabu kwa sauti. Nilipofika 30 sauti ilinikauka, bibi akaendelea kuhesabu badala yangu.

Hatua ya 40 ilimfikisha kando ya ukuta. Jirani alitoka, akatusikiliza bila kusema neno, kisha akaenda kuleta sururu yake mwenyewe. Tulichimba kwa zamu sisi watatu. Jembe lilitokea kwenye kina cha mkono, limeliwa na kutu. Nalo lilikuwa upande wetu wa ukuta, kadiri ya hatua moja na nusu. Yaani jirani hakuchukua ardhi yetu hata kidogo. Alikuwa amejenga ndani ya mpaka wake, na kipande tulichokigombania kilikuwa chake.

Hakuwa ameiona barua yangu, ila alikuwa ameitiwa. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya bibi na mafundi. Alinawa mikono, akanimiminia maji nami ninawe, akasema neno moja tu: "Yamekwisha, mwalimu." Kesho yake nilikwenda ofisi ya mtaa kuiondoa barua. Karani aliniuliza niandike sababu, nikaandika: jembe limeonekana.

Jembe tulilirudisha shimoni. Kaka yangu akataka niandike maelekezo mapya kwa ajili ya watoto wetu, maana yale ya baba hayafai tena. Niliketi kwenye kisiki nikaandika: kutoka kwa muuza vitumbua. Nikamtazama bibi, nikafuta. Nikaandika: kutoka nyumba ya bati la buluu. Kaka akasema wenyewe wanataka kubadilisha bati mwaka huu. Mwishowe tulikubaliana kuwaleta watoto wenyewe, wote saba, siku ya mapumziko, wahesabu kwa miguu yao. Muhuri wa jahazi nimekwisha kuutia mfukoni.