Paundi Tano za Kidato cha Pili

Wenzangu mnaojiandaa kwenda fildi, nina kisa cha alama moja ya hisabati iliyoniumbua mbele ya darasa.

Mwaka jana nilipangiwa shule ya kata, Hisabati kidato cha pili. Wiki ya tatu nikatunga jaribio. Baadhi ya maswali niliyatoa kwenye faili la zamani ambalo walimu wa pale wanarithishana kwa flashi. Mhadhiri alikuwa anakuja kunikagua, kwa hiyo nilitaka karatasi ipendeze. Nikachagua maandishi yote, nikayageuza kuwa Times New Roman, mbio steshenari kuchapa. Sikusoma tena.

Siku ya jaribio binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, swali la nne silielewi."

Nikamjibu kwa sauti ileile tuliyokuwa tunaichukia shuleni: "Kwenye mtihani hakuna maswali. Soma vizuri."

Jioni nikaanza kusahihisha. Majibu yangu nilikuwa nimeyaandika kwa mkono pembeni: x ≤ 5. Karatasi ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Ya saba ilikuwa ya yule binti. Ameandika: x = £5.

Nilicheka. Kisha nikachukua karatasi ya maswali, na kicheko kikaniishia. Swali la nne lilisomeka "2x + 3 £ 13".

Usiku huo ndipo nikajifunza jambo ambalo sikufundishwa darasani. Kompyuta haitunzi umbo la alama, inatunza namba. Fonti ndiyo inayoamua namba hiyo ichorwe vipi. Kwenye fonti ya zamani iitwayo Symbol, namba 163 inachorwa ≤. Kwenye fonti za kawaida, 163 ni £. Nilipobadilisha fonti, namba ilibaki ileile, sura ikageuka. Kwa njia hiyohiyo ≥ inaweza kugeuka ³, na √ ikawa Ö.

Unicode ilikuja kumaliza mkanganyiko huo: kila alama ina namba yake peke yake. ≤ imepewa 2264, na £ ina yake. Fonti isipokuwa na ≤, unaweza kuona kiboksi kitupu. Kiboksi si kibaya sana, maana kinakiri kwamba kuna kitu kimepotea. £ yangu haikukiri chochote. Ilikaa pale kama vile ndiyo mahali pake.

Kesho yake nilirudisha karatasi, nikafuta swali la nne kwa wote, na yule binti nikampa alama zake. Kwa swali alilopewa, alikuwa amejitahidi kuliko mimi niliyelitunga. Nikawaeleza habari ya 163.

Akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, kompyuta ndiyo ilikosea?"

Mhadhiri alikuwa amekaa nyuma na daftari lake. Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Hapana. Wewe uliniambia, mimi sikusikiliza."

Basi, ukitunga mtihani kwa Word kwenye Windows, andika 2264 kisha bonyeza Alt na X, utapata ≤ ya kweli. Ukishachapa, soma nakala ya karatasi, siyo ya kwenye skrini. Na mtoto akinyoosha mkono, nenda ukaangalie anachokiona.