Barua za Mfalme Afonso na Karatasi za Nyumba Zetu

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili huambiwa wafanya biashara, lakini mimi naona lafaa zaidi kwa watu. Maana watu wasioandikwa, au walioandikwa kisha karatasi zao zikatupwa, nao hupotea bila habari. Leo nataka kuwaeleza juu ya karatasi chache ambazo hazikutupwa, na mambo tunayoyajua kwa sababu yake.

Katika mji wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, iko nyumba kubwa ya kuhifadhi hati za zamani. Jina lake Torre do Tombo. Ndani yake zimo barua za Afonso wa Kwanza, mfalme wa Kongo, ambaye jina lake la kwao lilikuwa Mvemba a Nzinga. Alibatizwa mwaka 1491, akatawala zaidi ya miaka 30. Mwanawe Henrique alichaguliwa kuwa askofu mwaka 1518. Mji wake, Mbanza Kongo, leo uko katika nchi ya Angola, lakini watu wa ufalme ule wako hata kwetu, upande wa magharibi.

Barua za Afonso zilizobaki ni zaidi ya 20, nazo zimeandikwa kwa Kireno. Mfalme alikuwa na makarani, wana wa Kongo waliosoma shuleni. Mmoja aliitwa João Teixeira. Haya, fikirini kidogo: miaka 500 hivi imepita, na mtu wa Kongo ameketi na kalamu ya unyoya, mfalme anasema, naye anaandika. Mfalme amekufa, karani amekufa, ufalme umekwisha. Lakini mwandiko ungali uko.

Na barua zinasema nini? Tarehe 6 Julai 1526 Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno, João wa Tatu. Alilalamika kwamba wafanya biashara wanawakamata watu wa nchi yake kila siku, hata wana wa wakubwa, hata jamaa zake mwenyewe, na nchi inabaki bila watu. Alisema kwamba hataki tena bidhaa zao. Anataka mapadri na walimu wachache tu, pamoja na divai na unga kwa ajili ya Misa. Katika barua nyingine ya mwaka ule ule aliomba waganga na watu wa kutengeneza dawa. Alieleza pia sheria aliyoiweka: mtu akitaka kununua mtumwa, lazima wakubwa watatu wapashwe habari kwanza, wapate kuchungua kama mtu yule si mwungwana aliyeibiwa.

Soma maneno hayo polepole, ndugu. Hapa si mgeni anayesimulia habari za Afrika. Ni mfalme Mwafrika, Mkristu, anayemwambia mfalme mwenzake Mkristu: watu wako wananiharibia nchi. Biashara ile haikukoma. Iliendelea kwa karne nyingi, ikachukua watu wasiohesabika. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba wazee wetu hawakujua, au kwamba walinyamaza. Karatasi yenyewe yashuhudia.

Tena yashuhudia mambo yote, sio yale tu yanayotupendeza. Wengine hupenda kusema kwamba Afonso aliukataa utumwa wote. Barua zake hazisemi hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa, na sheria ile ya wakubwa watatu yaonyesha kwamba aliiacha biashara iendelee. Alilolia ni wizi wa watu waungwana. Ndiyo faida ya mwandiko wa asili. Hausifu mtu wala hausingizii mtu. Sisi tunaokuja nyuma ndio tunaopaswa kusoma yote, yaliyo matamu na yaliyo machungu.

Na barua hizi ziliponea chupuchupu. Mji wa Mbanza Kongo uliporwa katika vita vya mwaka 1678, ukaachwa bila watu kwa miaka mingi. Hata huko Lisbon hapakuwa salama. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kubwa la nchi liliubomoa mji. Mnara uliokuwa na hati ulianguka. Mlinzi mkuu wa hati wakati ule alikuwa mzee sana, jina lake Manuel da Maia. Hakusema: mimi nimezeeka, nyumba yangu nayo imetikisika, karatasi zina maana gani leo? Alisimamia kazi ya kuzitoa chini ya mawe na kuziweka penye usalama. Nadhani mzee yule hakuwaza kwamba alikuwa akituokolea sisi sauti ya mfalme wetu.

Habari nyingine ni ya Roma. Katika maktaba kuu ya taifa ya mji ule kimo kitabu kilichoandikwa kwa mkono, chenye maneno ya lugha tatu: Kilatini, Kispania na Kikongo. Mwandiko wake ni wa Padri Joris van Gheel, Mkapuchini Mflamandi, aliyekufa huko Kongo mwaka 1652. Ndicho kamusi ya kale kuliko zote zilizobaki za lugha zetu za Kibantu. Mwaka 1928 mapadri wawili Wajesuiti, Van Wing na Penders, walikipiga chapa, nao walifanya kazi kubwa na ya kusifiwa. Lakini katika kukitengeneza walibadili mambo mengi. Kwa hiyo baadaye wenye elimu wa lugha walipotaka kujua hasa jinsi Wakongo walivyosema karne ile, iliwapasa kurudi Roma na kufungua kile cha mkono. Kitabu cha chapa chafaa, na picha yafaa. Lakini kisima ni kile cha asili.

Katika nyumba kama hizo hati hutunzwa kama wagonjwa. Karatasi ya zamani ilifanywa kwa vitambaa vikuukuu vya kitani, nayo ni ngumu kuliko karatasi yetu ya leo. Lakini wino ulifanywa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni pamoja na chumvi ya chuma, na wino huo hula karatasi polepole, hasa penye unyevu. Kwa hiyo chumba chake huwa kikavu na chenye ubaridi. Msomaji huacha kalamu ya wino mlangoni, akaingia na kalamu ya risasi tu. Chakula na maji ni marufuku.

Sasa mtaniuliza: Lisbon ni mbali, Roma ni mbali, yatuhusu nini? Nitawajibu kwa jambo la nyumbani kwetu. Babu yangu alikuwa katekista. Katika daftari zake aliandika majina ya watoto waliobatizwa vijijini, majina ya baba na mama zao, na mwaka wa njaa, na bei ya chumvi. Alipokufa, daftari zilienda kwa jamaa, na jamaa walifungia karanga za kuuza sokoni. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na shida. Mimi nilipata kurasa nne tu. Siku moja mama mmoja mzee, aliyekuwa yatima tangu utoto, aliniomba nimsomee. Katika ukurasa wa tatu limo jina la mama yake. Alikuwa hajapata kulisikia tangu azaliwe. Aliniomba nilisome tena, nikasoma mara tatu, naye akalitamka mwenyewe kwa sauti ndogo. Tangu siku ile najiuliza ni mama wangapi waliomo katika kurasa zile zilizofungiwa karanga.

Kwa hiyo nawaomba neno moja, ninyi wenye masanduku ya wazee nyumbani, nanyi mnaotunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa parokiani. Sheria ya Kanisa yenyewe yaamuru vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Msiviweke chini penye mchwa, wala chini ya bati linalovuja. Wekeni katika sanduku la chuma, juu ya meza au rafu. Andikeni kwa kalamu ya risasi, pembeni, ni daftari la nani na la mwaka gani. Mwenye simu apige picha, ni vema, lakini asitupe karatasi kwa kuwa amekwisha kupiga picha. Na mzee akiwa hai bado, mpeni daftari na kalamu aandike, au aseme nanyi mwandike, kama Teixeira alivyomwandikia mfalme wake.

Afonso hakujua kama barua yake ingesomwa baada ya miaka 500. Babu naye hakujua kama yule mtoto yatima angekuja kumtafuta mama yake katika daftari. Wao waliandika tu. Kutunza ni kazi yetu.