Jiko Lililopasuka Ndani

Jiko letu lilipasuka kwa sababu yangu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi miwili sikulisema, na mengine yote ninayoandika hapa yalitokea nikiwa nimenyamaza.

Sisi ni watu wa Fizi, Kivu Kusini. Wazazi wangu walivuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita ya 1996, mwaka uleule kambi yetu ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Mimi nimezaliwa hapa. Mama bado analiita jiko "mbabula", ingawa kwao mbabula ni ya makala na hili letu ni la kuni. Nje ni bati. Ndani kuna chungu kinene cha udongo uliochomwa, chenye mlango mmoja wa kuingizia kuni na meno matatu juu ya kubebea sufuria. Katikati ya bati na chungu kumejazwa majivu na udongo ili joto lisitoroke. Kazi yote inafanywa na kile chungu. Bati ni nguo tu.

Siku ile nilikuwa nachemsha maharage. Yalipoiva, kuni zilikuwa bado zinawaka vizuri, nikaona hasara. Mimi ndiye kwenye mikutano ya vijana husimama na kusema tutunze kuni. Basi nikachota maji nikamwaga humohumo ndani, nizime moto, zibaki za kesho. Jiko likalia "ta!" kama mtu amevunja kijiti. Mama alikuwa nje anaanua nguo. Nilipochungulia nikaona ufa kutoka mdomoni mpaka chini, na jino moja limekatika. Nikalirudisha jino mahali pake, nikapaka majivu juu. Jioni mama alipoweka sufuria, ikalala upande.

"Limezeeka hili," nikasema.

Mama hakujibu.

Mzigo mmoja wa kuni ulikuwa unatutosha siku 5. Sasa ukawa unaisha siku ya 3. Moto ulitokea upande ule ambao jino halipo, ukapanda hewani badala ya kupiga sufuria. Joto likapita kwenye ufa, bati likawa linaunguza mkono. Na kila mama alipokuwa anasonga bugali, vile vipande viwili vya chungu vinasukumana, ufa unazidi kupanuka. "Hii mbabula inakula kuni kama mutu wa njaa," alisema mara moja tu. Halafu akaongeza safari za porini.

Anayeishi hapa hahitaji nimweleze kuni ni nini. Karibu na kambi zimeisha, na mbali haturuhusiwi kwenda. Wanawake wanaenda hivyohivyo, asubuhi na mapema, kwa kundi. Lakini ukiongeza safari ambayo wenzako hawana, unaenda peke yako.

Siku moja mama alirudi saa kumi jioni bila kuni na bila panga. Alinawa miguu, akakaa.

"Mama, panga iko wapi?"

"Imebaki."

Mimi nimehudhuria semina za ulinzi wa wanawake. Nina daftari zima. Na siku ile nilishindwa kuuliza swali la pili.

Nikaanza kutengeneza jiko kwa siri, kama mwizi. Kwanza nilipata saruji kidogo kwa fundi, nikaziba ufa. Ilikaa vizuri siku moja. Moto ulipokuwa mkali ikapasuka, ikawa unga, mwingine ukaingia kwenye mboga. Saruji ya kujengea nyumba haikutengenezwa kwa ajili ya moto wa jikoni. Mara ya pili nikatumia udongo mtupu wa kichuguu. Ulipokauka ukanywea, ukaachana na chungu, ukadondoka wenyewe kama gamba.

Kijana mmoja wa kikundi chetu ndiye aliyenipeleka kwa bibi mmoja Mrundi, mfinyanzi, aliyefika hapa mwaka 2015. Nikabeba jiko kichwani mpaka kwake. Aligonga chungu kwa kidole kilichokunjwa, akasikiliza. Kizima kinalia kama kengele, hiki kilitoa sauti ya gunia.

"Mlikimwagia maji," akasema.

Nikasema, "Mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na nilimwambia mtu nisiyemjua.

Akanieleza kwamba ufa mdogo wa juu una dawa. Unaukwangua kwanza uwe mpana, unatoa masizi yote, unaulowesha, kwa sababu udongo uliochomwa una kiu na utanyonya maji ya kiraka chako kikauke kabla hakijashika. Kiraka chenyewe kisiwe udongo mtupu. Unaponda vigae vya chungu kilichovunjika, unavichekecha, unachanganya. Vigae vimeshapita motoni, havinywei tena, ndivyo vinauzuia udongo mpya usijikunje. Halafu kivulini siku kadhaa, na moto wa kwanza uwe mdogo kama wa kuota mtoto mchanga.

"Lakini hiki chako, mwana wanje, kimepasuka mpaka chini. Hiki si cha kuziba. Lete vipande vyake."

Tukatoa chungu kwenye bati na kukiponda juu ya jiwe. Vikombe viwili vya udongo wake, kikombe kimoja cha vigae vya jiko letu. Akafinyanga kipya akipima bati kwa kamba, akiacha nafasi ya vidole viwili kila upande kwa ajili ya majivu, na kukipa ukubwa kidogo zaidi kwa sababu kitanywea kikikauka. Akasema nisubiri. Kukauka ni karibu wiki mbili, na hachomi chungu kimoja, anangoja vifike vingi ili kuni na nyasi za kuchomea zitumike mara moja kwa vyote.

Wiki zote hizo mama alirudi kupikia mafiga matatu, na mafiga yanakula kuni kuliko hata jiko bovu. Kwa hiyo nikasema, safari hii naenda mimi. Mama akacheka. Mwanaume kijana, wa mikutano, na kata ya kichwani? Nikamwambia basi twende wote.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Yeye mbele, mimi nyuma. Mahali njia inapogawanyika akashika ya kushoto, ndefu, yenye mlima. Nikauliza kwa nini tusipite kulia, kule miti inaonekana karibu. Hakugeuka.

"Kule ndiyo panga ilibaki."

Tukaendelea kutembea. Baadaye, tukifunga mizigo, alinieleza waliomkuta walikuwa wawili, walimfukuza, alikimbia, alianguka. Alinionyesha goti. Lilikuwa limeshapona. Mtoto wake nilikuwa nalala hatua nne kutoka alipolala yeye, na goti limepona bila mimi kulijua.

Ndipo nikasema. "Mama, lile jiko nilimwaga maji."

"Nilisikia siku ile likilia," akasema. "Nilikuwa nangoja useme."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaniongezea kijiti kimoja juu ya mzigo wangu, tukarudi. Shingo iliniuma siku tatu, na mimi nilikuwa nimebeba nusu ya wake.

Chungu kipya kilikuja chekundu, kizuri. Tulikisimamisha ndani ya bati, tukashindilia majivu na udongo pembeni, tukakiacha siku 4. Tukawasha vijiti siku ya kwanza, siku ya pili zaidi kidogo, siku ya tatu tukapika. Mzigo sasa unafika tena siku 5. Kuni zikibaki tunazivuta nje, tunazifukia kwenye mchanga. Maji hayakaribii.

Kwenye kikundi chetu sasa tunazunguka jioni mbili kwa wiki, vijana sita, wavulana kwa wasichana, tukigonga majiko ya majirani kwa kidole na kusikiliza. Ufa mdogo tunaziba wenyewe kama bibi alivyotufundisha. Mkubwa tunampelekea, na vigae vyake.

Zamani nikiingia kwenye nyumba nilikuwa naanza na hotuba. Siku hizi nauliza kwanza, mzigo unakaa siku ngapi? Mwenye nyumba akisema siku 3, nauliza la pili: nani anaenda, na anaenda na nani?