Uvimbe Tulioambiwa ni Jicho

Mwaka tuliokuwa tukisomesha Nyanchwa, mjini Kisii, aliletwa kwetu baada ya Alasiri mtoto wa miezi minane mwenye uvimbe laini upande wa kushoto wa shingo. Nyanya yake alisema ni jicho, akamtaja na jirani mwenye jicho hilo. Tukamsomea Fatiha na Mu'awwidhatayni, kisha tukasema, "Rudini baada ya siku saba."

Siku saba zile ni deni letu. Siku ya nne mtoto alishikwa na mafua, uvimbe ukafura maradufu kwa usiku mmoja, pumzi ikawa inakoroma. "Binti yangu," tukamwambia mama, "mpeleke hospitali sasa hivi." Tukaandamana naye.

Daktari alizima taa, akaweka tochi ubavuni mwa uvimbe, nao ukang'aa kama kandili: ndani mlikuwa maji, si nyama. Ultrasaundi ikaonyesha vifuko vingi vilivyoshikana. Mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, ilikosa kuungana vyema mtoto angali tumboni. Maji yakakwama, yakajenga vifuko. Si saratani, hauambukizi, wala mama hakukosea lolote. Wasomaji wetu wajue kwamba aghalabu uvimbe huu huonekana tangu kuzaliwa au kabla ya miaka miwili, na kwamba maradhi madogo au damu ikivujia ndani huufurisha ghafla. Wa shingoni huweza kuziba njia ya pumzi. Kuutumbua kwa wembe ni kuutia usaha.

Kuna upasuaji, nao ni mgumu, kwa kuwa vifuko hujipenyeza baina ya neva na mishipa ya damu. Kuna pia sindano ya kunyonya maji na kutia dawa ya kuzigandisha kuta. Mojawapo, bleomisini, hutibu saratani vilevile. Mama aliposikia neno hilo alilia, asisikie lililofuata. Laiti angetangulizwa kuelezwa kwamba dawa moja yaweza kuwa na kazi mbili!

Mtoto alidungwa mara tatu, kwa miezi kadhaa. Imebaki ngozi iliyolegea kidogo.

Jirani aliyetajwa ndiye aliyewalisha watoto wakubwa mama alipokuwa wodini. Tulikwenda kumtaka radhi, kwani jina lake lilipotajwa mbele yetu, sisi tunaosomesha watu ubaya wa dhana, tulinyamaza. Alitumiminia chai, akauliza mtoto anaendeleaje.