Majuma Mawili Ng'ambo ya Ziwa

Mkaaji wa Uvira hahitaji saa ya kumwambia kwamba jioni imeingia. Milima ya Mitumba imesimama nyuma ya mgongo wake, jua hujificha mapema nyuma ya vilele vyake, na kivuli hushuka mjini kabla ya giza lenyewe. Ndipo wavuvi wa Kalundu na wa Mulongwe wasukumapo mitumbwi majini na kuwasha taa zao za kuvulia ndagala. Mwezi usipokuwapo, taa hizo hutapakaa juu ya maji mfano wa mji mwingine, na nyuma yake, mbali, huonekana taa za Bujumbura. Kwa miaka 11 mimi na mke wangu tulizitazama taa zile tukiwa tumeketi kizingitini petu, wala hatukuwahi kusafiri pamoja hata siku moja, isipokuwa kwenda Sange kwenye matanga.

Watu wengine wamevuka dunia ili kutazama maji yetu haya. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 wataalamu kutoka Japani walikuja Uvira, wakazamia karibu na pwani na kuwahesabu samaki wa mawe. Mmoja wao, Michio Hori, alitangaza mwaka 1993 katika gazeti la Science habari ya samaki mdogo alaye magamba ya wenziwe. Samaki huyo mdomo wake umepinda; wengine umepinda kuume, wengine kushoto, na kila mmoja huvizia upande ule tu unaoelekeana na mdomo wake. Nilipomsimulia mke wangu habari hiyo, alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema: «Baba watoto, Wajapani wamevuka bahari kuwaona samaki wetu. Mimi ziwa hili nimelivuka mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyeniuliza kama nataka.»

Neno hilo ndilo lililoanzisha safari yetu.

Imenipasa nieleze. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilipoingia Uvira, mke wangu alikuwa mtoto wa miaka 9. Alikwenda na mama yake kwa miguu hadi Baraka, na kutoka huko wakavushwa usiku kwa boti mpaka Kigoma. Wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Mama akafa kambini mwaka 1999, akazikwa hukohuko. Mwaka 2006 binti akarudishwa pamoja na wengine kwa meli ya Mwongozo, kutoka Kigoma hadi Baraka. Basi hizo ndizo safari zake mbili. Sasa alitaka ya tatu, iliyo ya hiari yake mwenyewe, na mumewe awe pembeni.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hupenda ramani. Nilichukua daftari na rula, nikapanga siku 14 namna hii: Bujumbura, Rumonge, Kigoma, kisha gari-moshi mpaka Dar es Salaam, kisha Unguja, kisha kurudi. Nilijiona hodari. Mke wangu alilisoma daftari akiwa anachambua sombe, akaniuliza swali moja tu: «Na gari-moshi hilo litakwenda siku ngapi?» Reli ile, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilometa 1,250 hivi. Kwenda ni siku mbili isipochelewa, na kurudi vilevile. Tukiongeza na siku za barabarani, tungalikuwa tumelipa fedha nyingi ili kukaa vitini. Nimewaona wengi wakikosa hivyo katika safari yao ya kwanza, kwa kuwa huogopa kwamba hawatasafiri tena. Nikafuta Dar es Salaam, nikafuta na Unguja. Sikufuta kwa furaha.

Shida ya kwanza ilikuwa pasipoti. Wakati ule bei yake katika Kongo ilikuwa dola 185 kwa kila mtu. Kwa wawili, dola 370 kabla hujapanda gari lo lote. Nilisema kwa fedha hizo tungeliweza kuezeka jiko kwa mabati mapya. Mke wangu hakubishana nami. Aliuza mafuta ya mawese sokoni Mulongwe, akaweka sehemu yake katika kopo, nami nikaweka yangu, na jiko likavuja mvua mbili zaidi. Tulianza mwaka 2017. Tukawa tayari mwaka 2019. Hapo katikati nilipata nafasi nyingi za kusema «tuache,» nami nakiri kwamba mara mbili nilisema.

Baada ya pasipoti tulipata cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho mpakani huulizwa mapema sana. Tukagawanya fedha katika mafungu matatu: nauli, malazi na chakula, na akiba isiyoguswa. Fungu la tatu alilishika yeye, maana kwangu lisingeitwa akiba muda mrefu. Watoto tukawapeleka kwa shangazi yangu Kavimvira. Tulichagua mwezi wa Julai kwa sababu shule zimefungwa na njia ni kavu. Lakini majira hayo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makali ziwani, kwa hiyo tukaazimu kwenda kwa barabara. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916 na kuopolewa 1924, isingaliweza kutusaidia, kwa kuwa ilikuwa imesimama ikingoja matengenezo.

Jambo gumu lilikuwa kambi yenyewe. Kambi ya wakimbizi haiingiwi kama soko. Mgeni hana budi kuwa na kibali cha serikali. Tuliandika barua mwezi wa Machi. Hatukupata jibu. Nikauliza, je, twende hivyohivyo, na tukikataliwa? Mke wangu akajibu kwamba kukataliwa akiwa Kasulu ni karibu zaidi kuliko kukataliwa akiwa Uvira. Nikaandika daftarini: Kasulu, siku tatu.

Tulitoka Jumatatu tarehe 8 Julai 2019. Kutoka Kavimvira hadi Gatumba ni mwendo mfupi, na daraja la Rusizi huvukwa upesi hata mtu asijue amevuka nini. Mto huo ulisumbua vichwa vya watu wakubwa. Mwaka 1858 Burton na Speke walikuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji mpaka Uvira, wakitumaini kuukuta ukitoka ziwani kuelekea kaskazini, labda uwe chanzo cha Nili. Wenyeji wakawaambia kwamba unaingia ziwani. Hata hivyo maneno yakaendelea Ulaya mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokuja kuuona kwa macho yao: unaingia. Kila mvuvi wa Kavimvira angaliwaambia bila malipo. Mlango wa kutokea ni Lukuga, huko Kalemie.

Kusini ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, liko jiwe kubwa lililochorwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Watu wengi huamini kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo; walikutana Ujiji, na Mugere walilala tu katika safari ile ya Rusizi. Lakini jiwe linafaa kusimamiwa, kwa sababu ukiwa juu ya kilima hicho unaliona ziwa lote la kaskazini, na ng'ambo milima ya Uvira. Mke wangu alitafuta kwa kidole mahali nyumba yetu ilipo. Sikujua kwamba mji wetu ni mzuri hivyo. Ukiwa ndani yake, waona vumbi tu.

Bujumbura tulipumzika siku moja, tukala mukeke wa kuchoma. Rumonge ni nchi ya michikichi, na mke wangu alikaa sokoni saa nzima akiuliza bei za mawese, nami nikashika mizigo. Mmoja wa mizigo hiyo ulinishangaza kwa uzito wake: kitu kirefu kilichoviringishwa katika kitenge na kufungwa kamba. Nilipouliza, aliniambia nisubiri.

Kule Manyovu, upande wa Tanzania, mtu wa forodha aliuliza pia. Kamba ikafunguliwa. Ulikuwa msalaba wa chuma, uliounganishwa na fundi wa Uvira na kupakwa rangi nyeupe. «Mama, unafanya biashara ya vyuma?» akauliza yule bwana. Mke wangu akamwonyesha maandishi. «Hilo ni jina la mama yangu. Amelala Nyarugusu.» Yule bwana aliuviringa tena kitenge kwa mikono yake mwenyewe, akafunga kamba, akasema: «Pole, mama. Piteni.» Mimi nilitazama pembeni. Daftari langu lilikuwa na ukurasa wa vyakula, ukurasa wa nauli, ukurasa wa hali ya hewa. La msalaba sikuliwaza.

Tena nilikuwa nimekosa katika jambo lingine. Siku zangu tatu za Kasulu nilizipanga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Tulifika Ijumaa jioni, ofisi zimefungwa, na tukapata siku mbili kamili za kutafakari akili ya mwalimu. Anayepanga safari yenye kuhitaji kibali, na ahesabu siku za kazi, asihesabu siku za jua! Vilevile asisahau kwamba saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Uvira kwa saa moja. Kwa kosa hilo niliwahi kumkosesha mke wangu basi.

Katika siku hizo mbili yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Kiswahili chake cha utotoni kilimrudia. Nilipoomba sombe, mama wa hoteli alinitazama tu, mpaka mke wangu aliposema «kisamvu.» Lengalenga ni mchicha, ndagala ni dagaa. Watu walimdhani ni mwenyeji, na mimi ni mgeni aliyemfuata. Hapo nikaelewa kidogo kwamba miaka 10 ya maisha yake ilikaa katika nchi hii, nami nilikuwa sijauliza habari zake kwa sababu niliogopa kumliza.

Jumatatu tulifika ofisini mapema. Tulieleza, tukangoja, tukaeleza kwa mwingine. Saa tisa alasiri tukapewa karatasi: kesho, kuanzia asubuhi hadi saa kumi.

Habari za kambi sitazisimulia nyingi. Wanaokaa humo ni watu, si maonyesho, na mgeni wa siku moja hana haki ya kuwaeleza. Nitasema tu kwamba makaburi ya zamani yalikuwa na misalaba ya miti, na mchwa walikuwa wameimaliza. Mke wangu alikumbuka mwembe. Miembe ilikuwa mingi. Tulizunguka saa mbili. Kisha akaja bibi mmoja mzee wa Fizi, aliyekuwa hapo tangu 1996, akamtazama sana na kumwuliza: «We si mtoto wa yule mama aliyeshona?» Mama mkwe wangu alikuwa mshonaji. Bibi yule akatuongoza mpaka kwenye kichuguu kidogo ambacho tungalikipita mara mia. Je, alikuwa na hakika? Alisema anayo, kwa sababu aliyezikwa upande wa kuume ni mumewe.

Tulichimba kwa jembe la kuazima, tukausimamisha msalaba. Mke wangu alisali kwa sauti, kwa Kibembe, lugha ambayo sikuwa nimemsikia akiisali. Saa kumi tulikuwa langoni.

Usiku ule, tarehe 16 Julai, mwezi mpevu ulipatwa. Tuliutazama uani Kasulu, saa sita na nusu usiku kwa saa ya huko, nusu yake na zaidi imekuwa nyeusi. Mke wangu aliniuliza kama wavuvi wa Uvira wangaliingia ziwani kwa giza lile. Nikasema, hapana, hawawezi kuamini giza la muda mfupi.

Siku mbili zilizosalia tulikaa Ujiji. Tuliona mahali pa ukumbusho wa Livingstone na njia ya misafara ya watumwa iliyotoka kwetu Manyema ikaenda hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Msitu wa Gombe, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, tuliuacha, kwa kuwa ada ya wageni ingalilimeza fungu la tatu lote. Jumapili tarehe 21 tulikuwa Kavimvira, na watoto wakauliza tu tulileta nini.

Daftari lile sinalo tena. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba; yetu ilipoteza ukuta mmoja na sanduku la karatasi, na mengi ya hapa nimeyaandika kwa kumbukumbu. Mwezi wa Desemba 2025 vita viliingia tena Uvira, mpaka ukafungwa, na watu wengi wakakimbilia Burundi kwa njia ileile tuliyoipita kwa nauli na sandarusi ya maandazi. Kwa hiyo anayetaka kuifuata safari hii na aulize kwanza habari za njia na za mpaka wiki ileile ya kuondoka, kwa watu waliopita jana.

Pasipoti zimo kwenye kopo la zamani. Mke wangu hutaja Kalemie, akaone Lukuga inavyotoka. Nimeanza kuhesabu siku, na safari hii nimeanzia Jumatatu.