Taa iliwaka mara nne

Ugomvi wa nyumba ile ya Nyamigogo, wilayani Biharamulo, ulianza kwa bando. Baba, ambaye ni wakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, aliweka bando la wiki siku ya Jumatatu asubuhi, na Jumatano jioni simu ikamwambia limeisha. Simu janja ya nyumba ni moja, ya kwake. Anayeiazima usiku ni binti yake mkubwa, wa kidato cha tatu. Hesabu ikawa rahisi.

"Unachati na nani?" alimuuliza.

Binti alisema anasoma baiolojia. Baba hakuamini. Tangu usiku ule simu ikalala chini ya mto wake, na binti akarudi kwenye madaftari yake ya kunakili ubaoni, ambayo nusu yake alikiri hayaelewi. Mtihani wa kidato cha pili alikuwa ameupita kwa kupenya tundu la sindano. Mama alijaribu kumtetea mara moja, akaambiwa asimharibu mtoto, akanyamaza. Nyumbani wakawa wanasalimiana, wanakula ugali na maharage sahani moja, lakini hakuna mazungumzo.

Aliyeleta njia nyingine ni baba mdogo, fundi kompyuta wa Mwanza. Alituma kifurushi kwa basi la kupitia Geita, na ndani yake mlikuwa na kibodi cha umeme cha ukubwa wa kitambulisho cha taifa, bila kasha, bila kioo, bila vitufe. Kilikuwa Raspberry Pi. Pamoja nacho kulikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya GB 32, nyingine kama hiyo ya akiba, na flashi iliyojaa mafaili. Ujumbe wake kwa kaka yake ulikuwa mfupi: hii ni kompyuta kamili, mwachie binti aifunge, mkimaliza mtakuwa na maktaba ndani ya nyumba isiyokula bando.

Baba aligeuza kile kibodi mkononi kama mtu anayekagua noti bandia.

Kompyuta hizo zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, bei ya toleo la kwanza ikiwa Dola 35 za Marekani. Watu wa Cambridge walioziunda walikuwa wameona vijana wanaoomba kusoma kompyuta chuoni wanajua kuzitumia tu, hawajui kinachotokea ndani, wakataka mtoto apate kompyuta ya bei ambayo akiiharibu mzazi hatalia. Programu inayoziendesha ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, na hailipiwi. Anayedhani ni mambo ya mbali ajue kwamba kila simu ya Android iliyomo mfukoni Biharamulo nzima inaendeshwa na kiini cha Linux hiyo hiyo. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kushiriki mradi wa kuzipa programu huria za namna hii sura ya Kiswahili, ukazaa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Binti aliazima kompyuta mpakato ya mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, kwa sharti irudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Akachomeka kadi, akanakili faili la Linux kutoka kwenye flashi kama mtu anavyonakili wimbo, akaihamishia kadi kwenye kibodi, akachomeka chaja ya simu ya baba. Taa nyekundu ikawaka. Ya kijani ikapepesa mara nne, ikanyamaza. Mara nne tena, ikanyamaza. Dakika kumi zikapita hivyo.

"Inatuaga," alisema baba kutoka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu kusema jambo lisilo amri.

Baba mdogo alipopigiwa alitaka kujua kitu kimoja tu: imepepesa mara ngapi? Kibodi hicho hakina kioo cha kuandikia kosa lake, kwa hiyo husema kwa taa. Mara nne maana yake kimetafuta faili la kuanzia ndani ya kadi, hakikuliona. Mara saba ni kwamba kimekosa kiini chenyewe cha Linux.

"Lakini faili lipo, baba mdogo. Nimeliweka mwenyewe."

"Umeweka gunia la mahindi ndani ya sufuria, mama. Ugali hautapikika. Lazima yasagwe."

Alichomaanisha ni kwamba faili lile ni picha ya kadi nzima, na vipande vyake vyote vinapaswa kutandazwa kila kimoja mahali pake. Mafundi huita kazi hiyo kuchoma, kama ilivyokuwa kwa CD. Programu ya kuchoma ilikuwa kwenye flashi ile ile, hakuiangalia. Makosa ya namna hii huwapata hata watu wazima waliosomea, na wengi huishia kuamini kifaa ni kibovu, wakakitupa kabatini.

Siku ya pili alichoma. Kabla ya kuchoma, programu ilimuuliza jina la mtumiaji, nywila, na mtandao wa kujiunga nao. Hapo ilibidi aombe simu ya baba, iwashwe mtandao wake wa kugawia wengine, ili kibodi na kompyuta ya mwalimu viingie humo na kuzungumza. Baba aliitoa chini ya mto, akakaa karibu nayo kama mlinzi wa benki.

Taa ya kijani sasa ilipepesa bila mpangilio, kama mtu anayesoma haraka, na hiyo ndiyo dalili njema. Ila nyekundu nayo ikawa inazimika na kuwaka. Kila baada ya muda mfupi kila kitu kilianza upya. Ilikuwa ni chaja. Kwa kibodi cha toleo la nne, taa nyekundu inayozimika yenyewe inalalamika kwamba umeme unaofika ni hafifu. Kinahitaji chaja ya ampea 3, na ile ya simu ya zamani haifikishi hata nusu. Saa kumi na mbili ikafika, kompyuta ikarudi kwa mwenyewe.

Chaja nzuri haikupatikana dukani pale jirani. Baba alikwenda Biharamulo mjini kwa shughuli zake za uwakala, akarudi nayo. Hakusema alilipa kiasi gani. Aliiweka mezani karibu na sahani ya binti, akanawa mikono.

Jumamosi taa nyekundu ilitulia. Binti aliandika amri kwenye kompyuta ya mwalimu, na kibodi kikajibu kwa jina alilokipa. Kwa kutumia mtandao wa simu ya baba, akaongeza Kiwix, programu inayofungua Wikipedia bila intaneti. Hilo lilikula megabaiti chache tu, kwa sababu mzigo mkubwa, yaani Wikipedia ya Kiswahili nzima, ulikuwa tayari kwenye flashi. Hatua ya mwisho ilikuwa ya kutisha. Kibodi kiache kuwa mgeni kwenye mtandao wa simu, kianze kutangaza mtandao wake chenyewe. Ukitoa amri hiyo, mazungumzo yanakatika hapo hapo, na kama umekosea herufi moja huna njia ya kurudi ila kuanza upya.

Alibonyeza. Kompyuta ikaganda.

Baba, mwenye simu mkononi, ndiye aliyeona. Kwenye orodha ya Wi-Fi palikuwa na jina jipya: NYUMBANI.

Ingefaa habari iishie hapo, lakini bando liliisha tena. Siku mbili baadaye, Jumatatu kwa Jumatano kama zamani. Na hii ilikuwa baada ya simu kuruhusiwa tena usiku, kwa ahadi kwamba maktaba ile haigusi bando. Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe na mdogo wangu umemdanganya," na hilo lilimuuma binti kuliko kelele.

Binti hakulia safari hii. Aliomba simu, akafungua mipangilio, akaenda kwenye matumizi ya data, akamwekea baba yake mbele ya macho. Mambo mawili yalionekana. La kwanza lilikuwa lake. Simu ikiungwa kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti hutoa onyo kwamba hakuna intaneti, na usipoiambia ibaki hapo, hurudi kimya kimya kwenye data ya laini. Hakulijua, dawa yake ni kuzima data kabla ya kuanza kusoma. Lakini hicho kilikuwa kiasi kidogo. Mlaji mkubwa, mbali kabisa na wengine, alikuwa programu ya ujumbe, yenye makundi ya mawakala, ya ukoo na ya mpira, ambamo kila video iliyotumwa ilijipakua yenyewe usiku na mchana, iwe imetazamwa au la. Makundi hayo ni ya baba.

Binti alirudisha ukurasa nyuma hadi mwezi wa ugomvi wa kwanza. Ilikuwa vile vile.

Baba aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza inazimwaje, hiyo ya kujipakua. Binti akamwonyesha. Samahani haikutamkwa, na anayewajua wanaume wa rika lake hataishangaa. Usiku ule simu haikuwekwa chini ya mto. Iliachwa mezani.

Kilichokuwa kikimtesa binti kwenye baiolojia hakikuwa uvivu. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta karibu kila somo ni Kiingereza, na neno kama photosynthesis akalikariri miaka mitatu bila kuliona linafanya nini. Kwenye maktaba ya nyumbani alisoma usanisinuru kwa lugha anayoota nayo: jani, maji, mwanga, sukari. Halafu akarudi kwenye daftari la Kiingereza na kukuta maelezo yale yale yamemngoja. Makala nyingine zilikuwa fupi mno, za mistari miwili, na za hesabu hazikumfaa. Hilo alilisema wazi, baba mdogo akaahidi kutafuta masomo ya Kolibri, ambayo nayo hutumika bila intaneti.

Kabla ya kurudi hosteli mwezi wa saba alichoma kadi ya akiba, akaiweka kwenye kiberiti kitupu, akaandika ukurasa mmoja wa daftari na kuubandika ukutani. Zima data. Chagua NYUMBANI. Andika 10.42.0.1. Usichomoe waya ghafla. Umeme ukikatika, subiri taa. Ikipepesa mara nne au saba, badilisha kadi.

Umeme ulikatika, bila shaka. Ilikuwa usiku wa mvua mwezi wa tisa, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Mdogo wake wa darasa la tano, aliyekuwa katikati ya habari za kifaru, alikuja kusema maktaba imekufa. Baba alichukua tochi, akainama juu ya kile kibodi, akahesabu kwa sauti. Akahesabu tena, kwa uhakika. Akasoma ukutani, akafungua kiberiti.

Kadi ile ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba na vidole vyake ni vya mtu aliyelima. Iliingia mara ya tatu. Walikaa wawili gizani wakitazama taa ya kijani ikisoma haraka haraka, kisha mtoto akasema, "Imerudi, baba. Nyumbani imerudi."

Siku ya wazazi kutembelea hosteli alifika na sabuni, karanga na fedha ya matumizi. Binti alimwamkia, naye badala ya kuitikia marahaba akaanza na habari.

"Mara saba, mama," alisema. "Nimehesabu mwenyewe. Nikabadilisha kadi."